Bakteria wasiohitaji oksijeni wanavyoivunja sumu ya klorini katika majitaka ya viwanda

Mwezi Mei 1982, sampuli ya maji ya bomba iliyochukuliwa katika kambi ya kijeshi ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ilikutwa na mikrogramu 1,400 za trikloroethileni katika kila lita. Kemikali hiyo ni kiyeyushi kilichotumika kwa miaka mingi viwandani na katika karakana kuondoa grisi kwenye vyuma. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo na sheria ya Marekani katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5. Wanajeshi, wake zao na watoto wao waliyanywa na kuyaoga maji hayo. Kipindi kinachotambuliwa rasmi ni kuanzia 1953 hadi 1987, na ilichukua hadi Agosti 2022 kwa sheria kupitishwa ya kuwaruhusu waathirika kuidai serikali fidia mahakamani.

Katika visima vya kambi hiyo kilipatikana pia kitu cha pili: vinili kloridi, kemikali iliyotokana na kuvunjika kwa viyeyushi hivyo hukohuko chini ya ardhi. Vijidudu wasioonekana kwa macho walikuwa wameanza kuisafisha sumu, wakaishia katikati, na walipoishia pakawa pabaya kuliko walipoanzia.

Laiti wangeendelea hatua moja zaidi, wangeiacha ethileni, gesi ileile inayotolewa na matunda yanapoiva, na ambayo ndiyo siri ya desturi ya kuvumbika ndizi. Umbali kati ya vinili kloridi na ethileni ni atomi moja tu ya klorini. Namna ya kuuvuka umbali huo bila ajali ndiyo kazi iliyowashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miongo minne, na jibu lake linazihusu nchi zote zenye viwanda vya ngozi, karatasi na dawa za mimea, au zenye transfoma kuukuu na madobi wanaofua nguo bila maji.

Kinachoshindikana kwa hewa

Mitambo mingi ya kusafisha majitaka ya mijini hutegemea hewa. Maji hupitishwa katika mabwawa yenye mashine za kuyakoroga au mabomba ya kupuliza hewa, na bakteria huula uchafu wakitumia oksijeni. Kwa mabaki ya chakula, kinyesi, sabuni na damu ya machinjioni, njia hiyo inafaa sana.

Kwa tetrakloroethileni, kiyeyushi mashuhuri cha madobi, haifai. Molekuli yake ina atomi mbili za kaboni, na kila nafasi iliyobaki imejazwa klorini, jumla atomi nne. Klorini ina uchoyo mkubwa wa elektroni. Imekwisha kuzivuta upande wake kutoka kwenye kaboni. Sasa bakteria anayetumia oksijeni hupata nguvu kwa kukinyang'anya chakula chake elektroni. Akiifikia molekuli hii, anaikuta imekwisha kunyang'anywa. Ni sawa na kumpelekea mtu majivu ili ayachome apate moto.

Ni kweli kwamba hewa ikipulizwa kwa nguvu bwawani, kiyeyushi hupungua majini. Lakini hupungua kwa kurushwa angani, si kwa kuvunjwa. Wapo wanaoliandika jambo hilo katika taarifa zao kama usafishaji, na msomaji ana haki ya kulitilia shaka.

Uzito nao ni tatizo. Lita moja ya trikloroethileni ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na tetrakloroethileni ni nzito zaidi. Ikimwagika nyuma ya karakana haielei kama dizeli. Huzama, hupenya katika mchanga, huvuka hata usawa wa maji ya ardhini na kuendelea kushuka hadi ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi. Hapo hutuama na kuyeyuka kidogokidogo kwa miongo kadhaa, ikiyapa sumu maji yanayopita juu yake. Pampu inaweza kuvuta maji hayo miaka ishirini na sumu ikawa bado ipo.

Pasipo oksijeni hesabu hugeuka. Kiumbe kinachopumua hufanya mambo mawili: huchukua elektroni kutoka kwenye chakula, kisha huzitua mahali fulani. Binadamu huzitua kwenye oksijeni anayoivuta puani. Kiumbe anayeishi kwenye tope lisilo na hewa hana oksijeni, hivyo hutafuta kitu kingine chenye uchoyo wa elektroni. Uchoyo uleule unaoifanya tetrakloroethileni isiliwe ndio unaoifanya ifae kwa kazi hiyo. Bakteria huitulia elektroni, atomi moja ya klorini hung'oka, na nafasi yake huchukuliwa na hidrojeni. Klorini iliyong'oka hubaki majini ikiwa kloridi, kitu kilekile kilichomo katika chumvi ya mezani.

Kwa hiyo si sahihi kabisa kusema kwamba bakteria hao wanaila sumu. Wanaipumua. Chakula chao ni kingine, na tofauti hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo inayoamua gharama ya kazi nzima.

Kutoka mashamba ya mpunga hadi tope la Ithaca

Dalili za mwanzo hazikutoka kiwandani. Mwaka 1966 watafiti waliokuwa nchini Ufilipino walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba lindeni, dawa ya kuulia wadudu yenye atomi sita za klorini, ilipotea katika udongo uliofunikwa na maji kama ule wa mashamba ya mpunga, na kwamba vijidudu ndio waliohusika. Udongo uliofunikwa na maji hukosa oksijeni baada ya muda mfupi.

Miaka ya 1980, kundi la James Tiedje katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan lilimpata katika tope la majitaka bakteria aliyeweza kung'oa klorini kutoka kwenye kemikali ya jamii ya benzeni bila hewa. Mwaka 1989, David Freedman na James Gossett wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, wakaonyesha kwamba mchanganyiko wa vijidudu unaweza kuiondolea tetrakloroethileni klorini zote nne hadi kuifikisha ethileni. Kabla ya hapo ilidhaniwa na wengi kwamba safari hiyo huishia kwenye vinili kloridi.

Lakini nani hasa katika mchanganyiko ule alikuwa akiifanya kazi? Swali hilo lilichukua miaka minane. Tope lilitoka katika mtambo wa majitaka wa mji wa Ithaca, penye chuo hicho, na ndani yake mlikuwa na makabila mengi ya vijidudu. Watafiti waliwatenga mmojammoja, na kila walipodhani wamempata, alikataa kukua peke yake. Mwaka 1997 Gossett, Stephen Zinder na wenzao walitangaza katika Science kwamba amepatikana. Wakampa jina la Dehalococcoides. Jina lake kamili la leo, Dehalococcoides mccartyi, lilirasimishwa mwaka 2013 kwa heshima ya Perry McCarty, mhandisi wa mazingira wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Ni kiumbe wa ajabu. Umbo lake ni kama kisahani, na upana wake ni takriban nusu ya mikromita: elfu mbili wakipangwa foleni wataijaza milimita moja. Ramani yake ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2005, ina herufi milioni 1.47 hivi, kiasi cha theluthi moja ya zile za bakteria wa kawaida wa utumboni. Katika ramani hiyo fupi, zaidi ya jeni 15 ni za vimeng'enya vya kung'olea klorini. Hajui kazi nyingine. Hawezi kutumia oksijeni, na ikimgusa humdhuru. Hawezi kuchachua sukari. Hawezi kupumua salfeti wala chuma. Asipopata kitu chenye klorini au halojeni nyingine ya jamii hiyo, hakui.

Basi aliishije kabla ya viwanda? Jibu ni kwamba si kila kemikali ya klorini imetengenezwa na binadamu. Mwani wa baharini, kuvu wa misituni na hata volkano hutoa maelfu ya kemikali za aina hiyo, kwa viwango vidogo. Viwanda vilimletea karamu kiumbe aliyekuwapo zamani akiishi kwa makombo.

Aidha, ni mtegemezi. Chakula chake ni gesi ya hidrojeni, ambayo hutolewa na bakteria wengine wanaochachua sukari au mafuta. Kaboni ya kujengea mwili wake huipata kwenye asetati, chumvi ya siki, ambayo pia hutolewa na jirani zake. Huhitaji vitamini B12, nayo hawezi kujitengenezea. Ndiyo maana alikataa kukua peke yake maabara. Katika tope yupo pia mshindani wake, jamii ya vijidudu wanaotengeneza methani, ambao nao huitaka hidrojeni ileile. Bahati yake ni kwamba yeye hutosheka na hidrojeni kidogo sana, kiasi ambacho watengenezaji wa methani hawawezi kukitumia. Kutokana na ukweli huo, wahandisi hupendelea chakula kinachochacha polepole, kama mafuta ya soya, kuliko sukari inayochacha kwa kishindo na kuwashibisha washindani.

Hatari ya kuishia njiani

Klorini hung'olewa moja baada ya nyingine. Tetrakloroethileni yenye klorini nne huwa trikloroethileni yenye tatu. Hiyo huwa dikloroethileni yenye mbili. Hiyo huwa vinili kloridi yenye moja. Ya mwisho ni ethileni isiyo nayo. Wako bakteria wengi wenye uwezo wa kufanya hatua mbili za mwanzo, wakiwamo wa jamii za Dehalobacter, Desulfitobacterium na Geobacter. Wanaoweza hatua za mwisho ni wachache mno, Dehalococcoides akiwa kinara wao. Mahali asipokuwapo, kazi hukwama.

Ubaya wa kukwama kwenye vinili kloridi ulijulikana mapema, na kwa gharama ya maisha ya watu. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha plastiki ya PVC mjini Louisville, jimbo la Kentucky, walikuwa wamekufa kwa aina adimu ya saratani ya mishipa ya damu ya ini. Plastiki hiyo hutengenezwa kwa vinili kloridi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Marekani inaruhusu mikrogramu 2 tu kwa lita ya maji ya kunywa, chini ya nusu ya kiwango cha trikloroethileni. Trikloroethileni nayo imo katika kundi hilohilo la kwanza.

Hata bakteria wa Ithaca mwenyewe alikuwa na upungufu. Hatua ya mwisho aliifanya polepole na bila kupata faida ya kukua kwayo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2003, ambapo Frank Löffler na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kumpata ndugu yake, aina ya BAV1, ambaye hukua kwa kuipumua vinili kloridi yenyewe. Alitoka katika maji ya ardhini ya mji wa Oscoda, jimbo la Michigan, karibu na ufuo wa Ziwa Huron, mahali palipochafuliwa na tetrakloroethileni.

Oscoda ndipo palipofanyika mojawapo ya majaribio yenye mafunzo mengi zaidi. Watafiti waligawa eneo lenye sumu katika viwanja viwili. Katika kiwanja cha kwanza waliingiza ardhini chumvi ya asidi ya maziwa na virutubisho tu, ili kuwalisha bakteria wenyeji. Katika cha pili waliongeza na bakteria wenyewe, waliokuzwa maabara kutokana na mbegu ya hapohapo. Kiwanja kilichopewa bakteria kilibadilisha sumu kuwa ethileni katika muda wa wiki 6 hivi. Kile kilichopewa chakula tu kilikaa kimya kwa takriban miezi 3 kabla ya wenyeji kuongezeka vya kutosha, kisha nacho kikaanza kuzalisha ethileni.

Mtu mwenye haraka atasoma matokeo hayo kama ushindi wa bakteria wa kununua, na kweli biashara hiyo imeshamiri. Mchanganyiko uitwao KB-1, uliokuzwa nchini Kanada, umemwagwa ardhini katika maeneo mengi. Lakini kiwanja cha kwanza kina habari yake. Penye wenyeji, subira na chakula hutosha. Pasipo wenyeji, chakula peke yake huweza kulisha wale wa hatua mbili za mwanzo, nao wakaijaza ardhi dikloroethileni. Kupima kwanza ni lazima. Siku hizi hupimwa kwa PCR, njia ileile iliyozoeleka wakati wa janga la korona, ila hapa kinachotafutwa ni jeni za kimeng'enya kinachoing'oa klorini ya vinili kloridi.

Kuna na masharti mengine. Klorini inayong'oka huyafanya maji kuwa na asidi, na asidi ikizidi bakteria hao husimama. Klorofomu iliyochanganyika humo huwadhuru. Tope lililonyimwa oksijeni kwa muda mrefu huweza kuyeyusha chuma, manganizi na hata aseniki iliyokuwa imeshikamana na mchanga, na methani hujikusanya. Anayechimba kisima karibu na eneo linalosafishwa kwa njia hii anapaswa kuyajua hayo.

Ndani ya tangi la kiwanda

Kutibu majitaka kabla hayajatoka kiwandani ni rahisi kuliko kuyafuata ardhini. Teknolojia inayotumika zaidi ilibuniwa nchini Uholanzi katika miaka ya 1970 na Gatze Lettinga na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wageningen. Majitaka huingizwa chini ya tangi refu lililofungwa na kupanda taratibu kupitia zulia la tope. Baada ya miezi, vijidudu katika tope hilo hujikusanya kuwa chembe nyeusi ngumu, kama mbegu za mtama, zisizochukuliwa na mkondo. Juu hukusanywa gesi ya methani ya kuendeshea mitambo. Hakuna umeme wa kupuliza hewa, na tope la kutupa ni kidogo.

Lettinga alikuwa na maji ya viwanda vya sukari akilini. Hata hivyo chembe hizo zina makao mengi: nje huishi wachachuaji, ndani zaidi huishi wanaotegemea hidrojeni yao. Hayo ndiyo mazingira anayoyataka mng'oa klorini. Majitaka ya viwanda vya karatasi vinavyong'arisha rojo kwa klorini huwa na fenoli zenye klorini nyingi, na tope lisilo na hewa huziondolea klorini moja baada ya nyingine. Zinapobakiwa na klorini moja au mbili, uchoyo wao wa elektroni hupungua na bakteria wa oksijeni sasa wanaweza kuzila. Kwa hiyo mpangilio wenye busara ni tangi lisilo na hewa kwanza, bwawa lenye hewa baadaye. Ukipindua mpangilio huo, sumu nzito hupita bwawa lenye hewa bila kuvunjwa, na mabaki yenye klorini chache yanayotoka katika tangi lisilo na hewa hukosa bakteria wa kuyala.

Mto Hudson na hoja ya kujisafisha

Si kila aliyeufurahia ugunduzi huu alikuwa na nia ya kusafisha. Kati ya 1947 na 1977, viwanda viwili vya kampuni ya General Electric, katika miji ya Hudson Falls na Fort Edward, viliruhusu hadi tani 590 hivi za PCB kuingia katika Mto Hudson, jimbo la New York. PCB ni mafuta yenye klorini yaliyotumika katika transfoma na vifaa vingine vya umeme kwa sababu hayashiki moto upesi. Mwaka 1987 watafiti wa kampuni hiyo, wakiongozwa na John Brown, walichapisha katika Science ushahidi kwamba vijidudu waliomo katika tope la mto huo walikuwa wakizing'oa klorini za PCB.

Ushahidi ulikuwa sahihi, na maabara nyingine ziliuthibitisha. Ugomvi ulikuja katika matumizi yake. Kampuni ilitoa hoja kwamba mto unajisafisha, hivyo kuchimba tope kutaichochea sumu iliyotulia. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lilijibu kwamba bakteria hupunguza klorini bila kuuvunja mwili wa molekuli yenyewe, na kwamba kiasi kinachoondoka kweli ni kidogo mno kuwafaa wanaokula samaki wa mto huo. Mwaka 2002 iliamuliwa tope lichimbwe. Uchimbaji ulianza 2009 na kwisha 2015, baada ya kuondolewa zaidi ya mita za ujazo milioni mbili. Katika sehemu kubwa ya mto huo watu bado wanashauriwa kula samaki wake kwa kiasi au kutowala kabisa.

Upande wa Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, jirani na Kibaha mkoani Pwani, iko Vikuge. Mwaka 1986 ziliwekwa pale takriban tani 170 za dawa za wadudu zilizotolewa msaada na Ugiriki, baadhi yake zikiwa zimekwisha muda wa matumizi, zikiwamo DDT na HCH, jamii ya lindeni. Ghala liliporomoka na mvua ikafanya yaliyobaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, baada ya mabaki ya ghala kuondolewa, ulikuta udongo ungali na uchafuzi mkali.

Yanayojulikana kuhusu bakteria wasiohitaji hewa yanatoa matumaini yenye mipaka kwa mahali kama hapo. HCH huvunjika vizuri pasipo oksijeni, ingawa moja ya maumbo yake, liitwalo beta, ni sugu, na mabaki ya mwisho ni klorobenzeni na benzeni, ambayo nayo ni sumu inayohitaji bakteria wa hewa kuimaliza. DDT hunyang'anywa klorini moja na kuwa DDD, kisha hukawia hapo kwa miaka. Udongo mkavu wa kilimani, wenye hewa, hauwafai bakteria hao hata kidogo. Ni lazima uloweshwe na kufunikwa ili uvunde.

PCB nazo zipo. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika 2004, uliziwekea nchi wanachama lengo la kuacha kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025, na kuyashughulikia mabaki yake kwa usalama ifikapo 2028. Nchini Kenya imeripotiwa mara nyingi kwamba mafuta ya transfoma huibwa na kuuzwa kwa wakaangaji wa vyakula kando ya barabara, kwa kuwa hukaa muda mrefu bila kuungua. Transfoma mpya hazina PCB, lakini mwizi hasomi mwaka wa kutengenezwa. Kwa mafuta kama hayo bakteria si jibu. Yakiwa mazito hivyo huteketezwa katika tanuri za joto kali au hutibiwa kwa kemikali.

Kwa majitaka, hata hivyo, kanda hii ina mambo mawili mema. La kwanza ni joto. Dehalococcoides hustawi zaidi kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi, wakati maji ya ardhini ya Michigan ni ya kumi hivi tu. Joto la maji ya ardhini yasiyo na kina kirefu hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali husika, na katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa wastani huo ni nyuzi 26 hivi. Kinachogharimu fedha nyingi kupashwa moto katika matangi ya Ulaya huja bure hapa.

La pili ni chakula. Molasi, ambayo ni masazo ya viwanda vya sukari, imetumika mara nyingi nchini Marekani kuwalishia vijidudu wa ardhini. Ujuzi wa matangi yasiyo na hewa nao haukuanza leo: huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yamewahi kugeuzwa kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Kinachopungua ni vipimo. Kupima vinili kloridi na ethileni kunahitaji mashine ya kuchanganua gesi na mtu aliyefunzwa kuitumia, na sampuli yenyewe lazima ijazwe chupani hadi juu, isibaki hewa, kwa kuwa gesi hizo hutoroka upesi.

Hapo ndipo taarifa nyingi za usafishaji huweza kupotosha bila mtu yeyote kusema uongo. Mwezi Desemba 2024 EPA ilitangaza kanuni ya kupiga marufuku matumizi yote ya trikloroethileni nchini Marekani, ingawa kwa kiyeyushi kilichokwisha kuzama ardhini marufuku hayabadilishi kitu. Kiwanda kikitangaza kwamba trikloroethileni katika majitaka yake imepungua kwa asilimia 90, huenda ni kweli, na huenda asilimia hizo 90 zimekuwa vinili kloridi. Mkaguzi makini huomba namba za kemikali zote tano, kuanzia yenye klorini nne hadi ethileni, huhesabu molekuli badala ya uzito, na huangalia kama jumla ya zilizotoka inalingana na zilizoingia. Ethileni ikikosekana katika orodha, huuliza iko wapi.